Kaka zangu mapacha, sura moja tabia mbili: hivi tabia ya mtu inatoka wapi hasa?

Heshima kwenu wakuu, shikamoo kwa wakubwa zangu.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu atarudi jioni akitulia.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye arobaini ya baba mdogo huko nyumbani Mwanza. Muda wa kula ukafika, mtoto wa dada yangu, ana miaka sita, kapewa kazi ya kunawisha watu, anapita na birika mkono huu na beseni mkono ule, beseni kubwa analiegemeza tumboni. Kafika kwa shangazi maji yakamponyoka kidogo yakamwagikia gauni. Shangazi akasema kwa sauti, watu wote wanasikia, "Huyu ni babu yake mtupu, fujo zile zile, hata mumpeleke wapi ndo alivyo, mtoto wa nyoka ni nyoka." Watu wakacheka. Huyo babu anayetajwa, mzaa baba yake, alikuwa mtu wa pombe na ngumi, mtaa mzima unajua. Mi ndo nilikuwa nafuata kunawa. Nimenyoosha mikono, naona maji hayaji, kuinua macho nakuta mtoto ameinyanyua shingo ya birika juu ananiangalia usoni, kama anasubiri na mimi niseme la kwangu. Nikamwambia mwaga baba, akamwaga taratibu sana tone kwa tone. Usiku ule usingizi uliniruka.

Sasa kwanini liniume hivo, mi hili swali nimeishi nalo toka nazaliwa. Mimi ni Shija. Wasukuma wenzangu mshaelewa, wengine niwaambie, kwetu pacha wa kwanza kutoka ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayezaliwa nyuma yao ni Shija. Kaka zangu ni wa yai moja, wamefanana hadi mama alimfunga Kulwa uzi mweusi mkononi ili asimnyonyeshe mmoja mara mbili. Baada ya mimi kuzaliwa mama aliugua muda mrefu, bibi mzaa mama akaja akamchukua Doto akaenda naye Magu, alikuwa na miaka minne. Ilikuwa iwe miezi michache tu, ikawa mpaka amalize darasa la saba.

Kwahiyo nina kaka wawili ambao Mungu aliwapa jeni zile zile, wamelelewa nyumba mbili tofauti, na nimewaangalia wote kwa karibu miaka zaidi ya thelathini.

Kufanana kwao kunatisha. Wote wawili ukiwaongelesha jambo zito wanavuta ndewe la sikio la kushoto. Wote hawali chakula cha moto, wanaacha mpaka ugali uanze kugandia sahani. Wote wanakimbia kelele, harusi ikianza muziki mkubwa utawakuta nje kwenye magari. Hayo hakuna aliyemfundisha mwenzake. Lakini Doto akiingia kwako, kabla hajakaa ashaona mtoto ana homa, ashaona ndoo ya maji imeisha, anaibeba kimya kimya. Kulwa anaweza kukaa sebuleni mtoto analia mpaka sauti inakauka, anasubiri mwenye mtoto aje. Sio mtu mbaya Kulwa, naomba mnielewe, hana roho mbaya hata kidogo, yeye hasikii tu. Kile kilio hakimfikii.

Mi ni mwalimu kitaaluma. Chuoni saikolojia ya elimu tulikariri ili tufaulu mtihani tukaisahau, ila kwa ajili ya hawa watu wawili nikarudi kuisoma mwenyewe kwa miaka mingi.

Tuanze na upande wa shangazi, maana sio kwamba hana hoja kabisa. Mwaka 1979 huko Ohio Marekani walikutana mapacha wa yai moja waliotenganishwa wakiwa na wiki chache tu, kila mmoja kalelewa na familia yake, wote wawili walipewa jina la Jim na walezi ambao walikuwa hawajuani. Jim Lewis na Jim Springer. Wamekutana na miaka 39, kumbe wote waliwahi kuoa mwanamke anaitwa Linda wakaachana wakaoa Betty, wote wanapenda useremala, wote wanang'ata kucha. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Thomas Bouchard, akasikia akawaita, na hapo ukaanza utafiti mkubwa wa mapacha waliolelewa mbalimbali, zaidi ya jozi 100 zikapimwa wiki nzima nzima. Hayo ya Linda na Betty tuyaweke pembeni, ukiwakalisha wazungu wawili wa rika moja na mkoa mmoja ukawahoji siku nzima lazima utapata vya kufanana. Kitu kizito kilikuwa kwenye namba: kwenye vipimo vya tabia, mapacha wa yai moja waliolelewa mbalimbali walifanana karibu sawa na wale waliolelewa nyumba moja. Ripoti ilitoka 1990 kwenye jarida la Science.

Toka hapo tafiti ni nyingi mno, na zikijumlishwa pamoja zinasema kati ya asilimia 40 na 50 ya tofauti za tabia baina ya watu inatokana na urithi. Hapa watu ndo wanapoteleza. Haimaanishi asilimia 40 ya ukali wako umetoka kwa baba na 60 umeokota mtaani. Ni hesabu ya tofauti kati ya watu wengi, haiwezi kukuambia chochote kuhusu mtoto mmoja aliyeshika birika. Afu pia hakuna jeni moja ya ulevi wala jeni ya fujo, ni maelfu ya jeni, kila moja inasukuma kidogo sana, na unachorithi ni mwelekeo. Mtu anazaliwa anashtuka haraka, mwingine anazaliwa ametulia. Jerome Kagan wa Harvard alipima watoto wa miezi minne, akawaonyesha vitu vigeni na sauti ngeni, karibu mmoja kwa kila watano alirusha miguu akalia sana, na hao wengi wao walipokua walikuwa waoga wa vitu vipya. Lakini sio wote. Wapo waliorusha miguu hivo hivo na wakakua wachangamfu tu.

Sasa kilichonishangaza zaidi kuliko jeni ni hiki. Ile nusu nyingine iliyobaki, sote tungesema ni malezi ya nyumbani si ndio? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi hesabu zinakataa, watoto waliolelewa na wazazi wale wale chini ya paa moja hawafanani tabia zaidi ya vile damu inavyowafananisha. Mama mmoja Mmarekani, Judith Rich Harris, ndo alilisema hili kwa nguvu mwaka 1995. Alikuwa anaandika vitabu vya kiada nyumbani kwake, hana hata udaktari, Harvard walimtoa kwenye masomo mwaka 1960 wakamwambia hana uwezo, na baadaye makala yake ikapewa tuzo yenye jina la George Miller, yule yule aliyesaini barua ya kumtoa. Yeye alisema mtoto anajengwa na wenzake kuliko wazazi, angalia mtoto wa mhamiaji anaongea lafudhi ya wenzake wa mtaani, sio ya mama yake. Mi sikubaliani naye kwa yote ila hilo la lafudhi naliona kila siku, watoto wetu Wasukuma waliozaliwa Dar wanaongea kama wamezaliwa Kariakoo, mama anatamka neno Kisukuma Kisukuma mtoto anamsahihisha.

Na ile ya kifungua mimba kuwa na majukumu na kitinda mimba kudeka, pole zenu, mwaka 2015 watafiti walichukua watu zaidi ya 20,000 wa Ujerumani, Uingereza na Marekani wakatafuta hiyo tofauti kwenye tabia, hawakuiona.

Kwahiyo kama ni jeni, Kulwa na Doto walitakiwa wawe kitu kimoja. Kama ni vitisho na mahubiri ya wazazi, bibi na mama walihubiri yale yale, mama kalelewa na bibi huyo huyo! Nilikwama hapo miaka.

Mpaka nikakutana na kazi ya Carol Ember. Huyu ni mwanaanthropolojia, alikaa Oyugis kwa Wajaluo wa Nyanza Kenya, utafiti wake ukatoka 1973. Aliona kitu ambacho sisi wa huku tunakipita kila siku bila kukiona. Kuna nyumba ambazo hazina mtoto wa kike wa umri wa kutuma, sasa mama atafanyaje, mzigo unamwangukia mvulana, anapewa kulea mdogo wake na kazi za jikoni. Ember akawaangalia wavulana hao na wavulana wasiopewa kazi hizo na wasichana. Wale waliopewa kazi za "kike" walikuwa na ugomvi kidogo, wanajali zaidi wenzao, wako katikati ya wavulana wengine na wasichana. Na kinachobeba uzito wote ni hiki, aliwaangalia wakati hawako kazini! Yaani wanacheza tu, wamekaa tu. Kazi ilikuwa imeshaingia ndani ya mtu.

Nilivyosoma pale niliweka simu chini. Kwa bibi Magu hakukuwa na msichana. Wajomba wote wanaume, na mjomba mdogo mke wake alifariki akaacha kitoto kichanga. Kwetu Mwanza kulikuwa na dada zangu wawili wakubwa, Kulwa hajawahi hata kuosha kikombe, sio kwamba alikataa, hakuna aliyemtuma.

Nakumbuka likizo moja tumeenda, nina miaka saba hivi, Doto ana tisa. Kakaa kwenye kigoda chini ya mwembe anamenya viazi vya michembe, kisu mpini umefungwa mpira wa tairi, kitoto kimefungwa kanga mgongoni kimelala. Anamenya huku anatikisa mgongo taratibu wala hajui kama anatikisa. Ghafla akaacha kumenya akasema "anataka kuamka." Mtoto hajatoa sauti hata ya kukohoa. Nikamuuliza umejuaje, akasema pumzi yake shingoni inabadilika, inakuwa fupi fupi. Akasimama akaanza kuzunguka mwembe. Kitoto kikaamka kweli, ila hakikulia kwa sababu tayari kilikuwa kinatembezwa. Miaka tisa jamani. Hayo mazoezi alifanya kila siku kwa miaka, ndo maana leo akiingia kwako anajua mtoto ana homa.

Ndo nachotaka kusema kwa shangazi na kwa sisi wote. Mtoto anazaliwa na mwelekeo wake, kweli. Lakini zaidi ya maneno tunayomhubiria, tuangalie kila siku tunamtuma kufanya nini na mikono yake, kwa ajili ya nani. Yule mtoto wa birika alikuwa ananawisha watu pale msibani, kazi ya kuwatumikia wakubwa kwa adabu, na katikati ya kazi hiyo akaambiwa yeye ni mlevi mgomvi anayesubiri muda ufike.

Karibuni, tusemezane.

Kipepeo wa Moro: Uzi mzuri mleta mada ila umezunguka sana, watu wako wa aina nne tu, sangwini mchangamfu, koleriki mkali, melankoliki wa huzuni na flegmatiki mtulivu. Tulifundishwa semina ya wanandoa kanisani, mi koleriki mume wangu flegmatiki, toka tujue hayo nyumba imetulia. Kulwa wako flegmatiki huyo.

Shija (mleta uzi): Dada yangu asante. Kama semina imewafanya mvumiliane sikunyang'anyi hata kidogo. Ila ujue hizo nne zimetoka mbali, ni mafundisho ya Wagiriki, Hippocrates na baadaye Galen karne ya pili, waliamini mwilini kuna maji manne, damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi, likizidi moja ndo unakuwa hivo. Tiba ya mwili yenyewe ilishayaacha hayo. Siku hizi wanapima kwa mizani mitano: uchangamfu, nidhamu ya kazi, upole kwa watu, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na udadisi wa mambo mapya. Na ilivyoanza inapendeza, mwaka 1936 Allport na Odbert walikaa na kamusi ya Kiingereza wakaokota kila neno linaloelezea mtu, wakapata karibu 18,000, wengine wakaja kuyachambua yapi yanatembea pamoja mpaka yakabaki mafungu matano. Tofauti kubwa na zile nne ni kwamba hapa hakuna makopo ya kumtumbukiza mtu. Ni kama urefu, wachache warefu sana, wachache wafupi sana, wengi tuko katikati. Hata hiyo mitano isichukuliwe kama msahafu, watafiti waliipima kwa Watsimane huko Bolivia, watu wa kulima na kuwinda, ripoti ikatoka 2013, ile mitano haikujitokeza vizuri. Natamani siku moja mtu apitie Kamusi ya Kiswahili Sanifu hivo hivo, sisi tuna neno kama "makini", "mcheshi", "mkimya", "msikivu", "mpenda watu", nani anajua yangejikusanya vipi.

Ticha Kusini: Mwalimu mwenzangu heshima. Mi nafundisha la pili. Watoto wa sasa hivi hawana subira, na mi naamini ni ya kuzaliwa, wapo wanaoweza kusubiri zamu na wapo ambao hata umfanyeje. Wazungu si walipima na zile peremende, mtoto anawekewa moja anaambiwa akisubiri anapewa ya pili, anayesubiri ndo anafaulu maisha?

Shija (mleta uzi): Ticha, ile ya peremende ya Walter Mischel ilirudiwa na watoto wengi zaidi, majibu yakatoka 2018, ikaonekana uhusiano ni mdogo kuliko ilivyosemwa na sehemu kubwa ilikuwa ni hali ya nyumbani kwao. Ila kuna nyingine ya miaka hiyo hiyo ambayo ningependa ibandikwe ofisi za walimu. Walichukua watoto wa miaka minne wa Wanso huko Kamerun, watoto wa wakulima, na watoto wa Ujerumani. Wale Wajerumani waliwekewa vitu vitamu vya kwao, Wanso wakawekewa pafpaf, ni kama kalimati zetu, wakaambiwa ukisubiri narudi na ya pili. Dakika kumi. Wanso karibu asilimia 70 walisubiri. Wajerumani hawakufika hata 30. Watoto wa Kinso wengine walikaa tu wakatulia, mmoja mmoja hadi usingizi unampitia pale kwenye kiti. Sasa hilo utasema ni la kuzaliwa? Ni watoto waliozoea toka wachanga kwamba kuna mkubwa, kuna zamu, na kikiahidiwa kitakuja. Hilo la mwisho mi nalisisitiza, mtoto ambaye ukimwambia nakuletea haumletei, akikwapua ya mkononi hajakosa subira, amepiga hesabu.

Ticha Kusini: Hapo kwenye kuahidi umenigusa mwalimu, nina madaftari ya zawadi nimewaahidi toka muhula wa kwanza.

Mkisumu: Mimi ni wa hiyo area ya Oyugis kabisa, nimeshtuka kuona inatajwa huku. Hiyo story ni kweli bana. Mimi nilikuwa kijana wa kwanza, wadogo zangu wote wanne vijana, mama alinifunza kupika kuon, yaani ugali, kuosha nguo, kubeba mtoto, vijana wengine walikuwa wananicheka mtoni. Nilikuwa naona aibu sana. Leo mke wangu hunishukuru, na mimi ndio ndugu zangu hupigia simu wakiwa na shida. Sikuwahi connect hizo vitu mbili.

Shija (mleta uzi): Ndugu yangu wa Oyugis, karibu sana, umenipa furaha leo. Na huku kwetu Maziwa Makuu tumechangia elimu hii kuliko tunavyojua. Mary Ainsworth, yule wa mambo ya mtoto kushikamana na mama, kabla hajaenda kufanya majaribio yake Baltimore Marekani alianzia Uganda, 1954 na 1955, vijiji vya karibu na Kampala, familia 26, anapita kila baada ya wiki mbili anakaa na kina mama saa mbili hivi wanapiga stori. Aliona watoto wanamtumia mama kama kituo, anatambaa aende akachunguze vitu, anageuka kumwangalia mama, anaendelea. Na wale waliotulia zaidi walikuwa wa kina mama ambao ukiwauliza habari za mtoto wanakupa kila kitu kidogo kidogo, anapenda hiki, akichoka anafanya hivi. Mama aliyemtazama mtoto wake. Doto na ile pumzi ya shingoni, mi kila nikisoma habari za wale kina mama wa Uganda namuona yeye.

Mchimbaji wa Geita: Mleta uzi unaongea vizuri ila mi nasimama na shangazi. Baba yetu mlevi, tumezaliwa wanaume watatu wote walevi, mi mwenyewe nimeacha mwaka juzi baada ya kulazwa. Hiyo ni damu.

Shija (mleta uzi): Kaka pole, na hongera kwa kuacha, najua sio kazi ndogo. Sitakudanganya, kwenye ulevi urithi upo kweli, tafiti za mapacha zinauweka karibu nusu. Naomba nikuulize mawili, usijibu kama hutaki. Mlipokuwa wadogo nani alikuwa anatumwa kilabuni kumletea baba? Na mna dada?

Mchimbaji wa Geita: Sisi ndo tulitumwa. Unabeba kidumu, njiani unaonja, kila siku. Dada tunaye mmoja, yeye alikuwa hatumwi huko maana ni kilabuni. Hanywi. Hajawahi. Aisee.

Mama Wawili: Naomba ushauri wenu, sijui kama nipo uzi sahihi. Mume wangu alikuwa mpole, mcheshi, mtu wa watoto. Mwaka jana alipata ajali ya bodaboda akagonga paji la uso, alilazwa siku tano akaruhusiwa. Toka hapo ni mtu mwingine, anafoka, anatukana mbele ya watoto, hela akiipata anaimaliza siku hiyo hiyo, kazi anaanza anaacha. Ndugu zake wanasema ndo tabia yake halisi alikuwa anaificha. Wengine wanasema nimemfanyia kitu.

Shija (mleta uzi): Mama, upo uzi sahihi kabisa, na hujamfanyia kitu. Nisikilize, kuna mtu anaitwa Phineas Gage, msimamizi wa kulipua miamba ya reli huko Vermont Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848, ana miaka 25, baruti ikawaka kabla ya muda, mtaimbo wa zaidi ya mita moja, kilo sita, ukaingia chini ya shavu ukatokea juu ya kichwa. Hakufa. Aliongea, alitembea. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba yule kijana mwenye busara na mipango akawa mtukanaji, hana subira, anapanga jambo analiacha, mpaka rafiki zake wakasema huyu sio Gage tena. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya hilo hilo paji la uso, ndo inayoshika breki za mtu. Ikiumia, breki zinalegea, na mtu wa nje anaona "tabia". Sio tabia yake halisi iliyokuwa imejificha mama, ni jeraha ambalo halionekani.

Na Gage hakuishia pale. Baadaye alienda Chile akafanya kazi miaka kadhaa ya kuendesha magari ya abiria ya farasi, kazi ya kuamka mapema, kufuata ratiba, kuwa na adabu kwa abiria. Wengi wanaoifuatilia habari yake wanaona ratiba ile ile ya kila siku ilimsaidia kurudi kwa kiasi kikubwa. Kwahiyo mrudishe hospitali ya rufaa, usiseme tu "amekuwa mkali", waambie aligonga kichwa tarehe fulani na tabia imebadilika toka hapo, waombe aonwe na daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, na kama kuna kitengo cha afya ya akili nao wamuone. Andika kwenye karatasi alivyokuwa na alivyo sasa. Na wewe na watoto usalama wenu kwanza, siku akiinua mkono toka hapo nenda kwa mtu unayemwamini. Hao ndugu zake waonyeshe hii posti.

Mama Wawili: Asante mwalimu. Nimelia. Jumatatu naenda, nimeshaandika karatasi.

Kipepeo wa Moro: Mama Wawili tuko na wewe, ulete mrejesho. Mwalimu na mimi nina swali, Kulwa je? Ndo imeshapita, samaki mkunje angali mbichi?

Shija (mleta uzi): Dada, hilo la samaki ndo linalotufanya tukate tamaa mapema. Watafiti wamewafuatilia watu wale wale kwa miaka, kuna kazi ya Brent Roberts na wenzake ya mwaka 2006 iliyokusanya makundi 92, na inaonyesha watu wanabadilika sana kati ya miaka 20 na 40, nidhamu inapanda, wasiwasi unashuka, na inaendelea hata baada ya hapo. Wengi wanadhani sababu kubwa ni majukumu, kazi, ndoa, watoto.

Kulwa ana miaka 41. Mwaka jana mke wake alifanyiwa upasuaji akakaa hospitali wiki tatu, dada zangu mmoja yuko Mbeya mwingine ana mgonjwa wake, mimi nilikuwa nasimamia mitihani. Akabaki peke yake na mtoto wa miezi minane. Siku za kwanza alikuwa ananipigia simu usiku, nasikia mtoto analia nyuma, ananiuliza nifanyeje, namwambia mbebe. Anasema nimembeba. Namwambia tembea.

Nilifika wiki ya tatu, jioni, sikubisha hodi kwa sauti. Nikamkuta jikoni anaosha vyombo, mtoto mgongoni kafungwa na shuka la kitanda, fundo kubwa limekaa vibaya kifuani. Nikataka kumsalimia akaninyooshea kidole ninyamaze. Maji yanadondoka kwenye mkono wake. Akageuza shingo kidogo upande, akasikiliza, mi sisikii kitu.

"Anataka kuamka," akasema, akaanza kuzunguka ile meza.